Nani Atashinda Safari Miaka Ijayo?

Ndugu msomaji, ukitaka kujua nani atashinda mbio za motokaa za Safari, usijisumbue kwenda Nairobi kuuliza. Njoo kwetu kijijini, upande wa Gilgil, ukae nje ya kinu cha kusagia mahindi siku ya Jumamosi. Hapo utapata wataalamu kumi bila malipo, kila mmoja na dereva wake, wala hapana hata mmoja aliyepata kushika usukani isipokuwa yule kijana wa trekta. Mmoja atakuambia Toyota, mwingine Hyundai. Baba yangu mzazi, ambaye masikio yake yamepungua lakini sauti bado anayo, atakuambia Peugeot, ingawa Peugeot ilishinda Safari mara ya mwisho mwaka wa 1978. Kwake yeye motokaa iliyoshinda matope mara moja haiwezi kusahau njia.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, nikangoja kazi ya serikali hata nikachoka kungoja, ndipo Padri akanipa meza, mhuri na vitabu vya ubatizo. Kwa kuwa nasoma magazeti na kutafuta habari katika simu, maneno yakizidi pale kinuni watu hunigeukia mimi. "Karani, wewe wasemaje?" Nami, kwa kiburi cha mtu aliyepita chuoni, nilikuwa nasema. Leo nataka kuwaeleza namna ninavyokisia sasa, na kwanza nieleze kwa nini sikisii tena kama zamani.

Mwaka wa 2021 mashindano ya dunia yalirudi Kenya. Yalikuwa yameondoka baada ya mwaka wa 2002, yakatazamiwa kurudi 2020, na ugonjwa wa korona ukayazuia. Basi mwezi wa Juni ulipofika, vijiji kutoka Naivasha mpaka Elmenteita vilikuwa kama vina arusi. Jumamosi usiku, tarehe 26, aliyekuwa mbele ni Thierry Neuville wa Ubelgiji katika Hyundai. Alikuwa amemwacha wa pili wake, Takamoto Katsuta wa Japani, karibu dakika nzima, na ilibaki mikondo mitano tu. (Mkondo ni kile kipande cha njia kilichofungwa, ambacho motokaa hupita mojamoja na kupimwa kwa saa.) Jioni ile natoka mazoezi ya kwaya, nikakutana na kijana wa jirani yetu. Akaniuliza, "Kaka karani, huyu Mbelgiji aweza kukosa kweli?" Nikamjibu, "Dakika nzima! Hata akisimama kunywa chai njiani atashinda."

Sikujua ana nini mfukoni. Alikuwa na shilingi 9,000 katika simu yake, alizopewa na mama yake azitunze, fedha za dada yake aliyetazamiwa kuingia kidato cha kwanza. Usiku ule akaziweka zote katika kamari ya simu, juu ya Neuville.

Asubuhi ya Jumapili, katika mkondo wa kwanza, ule wa Loldia, shokapu ya nyuma ya Hyundai, yaani nguzo ile inayozuia gurudumu lisirukeruke, ikavunjika. Neuville akafika mwisho wa mkondo motokaa imeinama upande mmoja kama punda aliyepakiwa vibaya, na safari yake ikaishia hapo. Sisi tulikuwa kanisani, hatuna habari. Mchana Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda kwa Toyota, akimpita Katsuta kwa sekunde 21.8.

Mama yule akauza mtamba wake mmoja, na msichana akaingia shuleni akiwa amechelewa majuma mawili. Nilimpelekea shilingi 2,000 katika mshahara wangu. Akazipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za watoto, hakusema neno jingine. Angalinitukana ningalilala usingizi usiku ule.

Basi nikanunua daftari la kurasa 96. Nikaanza kuandika kila kitu nilichoweza kupata juu ya Safari, ya zamani na ya sasa, nikitaka kujua kosa langu lilikuwa nini. Maana hesabu yangu ilikuwa sawa: dakika moja ni nyingi kwa mikondo mitano. Kwingine duniani ningalikuwa na haki. Kosa ni kwamba nilimhesabu dereva, sikuihesabu motokaa.

Safari ilianza mwaka wa 1953, kwa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku zile hapakuwa na njia zilizofungwa. Dereva alipita barabara ya watu wote, akakutana na malori, ng'ombe na baiskeli zilizobeba ndizi, na kosa lake lilikuwa kuchelewa: kila dakika aliyochelewa kufika kituoni iliandikwa juu yake. Njia yenyewe ilikuwa karibu kilomita 5,000, mchana na usiku. Tena kwa miaka mingi ilifanyika Pasaka, yaani wakati wa masika. Msomaji wa kijijini hahitaji kuelezwa barabara ya udongo mwekundu huwaje wakati huo.

Mwaka wa 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika 7. Mwaka wa 1968 ziliondoka 93, zikafika tena 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki wa Kenya, na mwenzake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland wa Tanzania pamoja na Chris Rothwell, nao pia kwa Peugeot 404. Sasa mwajua baba yangu alikopata imani yake. Alikuwa mtoto wa shule wakati ule, naye asema motokaa zilikuwa zikipita zimejaa tope hata namba zake hazisomeki, watoto wakikisia jina la dereva kwa mlio wa injini.

Madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja, na mafundi wao, na vipuri vyao, na magazeti yao yakawatabiria ushindi. Walirudi mikono mitupu tangu 1953 hata 1971. Wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Ufini mwaka wa 1972, akiwa na Gunnar Palm wa Uswidi katika Ford Escort. Kabla yake walishinda wenyeji. Mmoja wao alikuwa fundi mzaliwa wa Kericho, Joginder Singh, aliyeshinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka ule wa 1974 wa pili wake alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi katika Porsche, motokaa ambayo kwa mbio tupu ingeweza kuiacha Lancer kama imesimama. Siku zile za mashindano ya dunia Porsche haikupata kuishinda Safari hata mara moja. Lancia Stratos nayo, iliyotisha dunia nzima, ilikuja 1975 ikashika nafasi ya pili na ya tatu, na mbele yao ilikuwa Peugeot 504 ya Ove Andersson.

Kisa cha 1973 nakipenda kuliko vyote. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Uswidi, wote wawili katika Datsun, walimaliza sawasawa kabisa, adhabu kwa adhabu, baada ya maelfu ya kilomita. Wakatazama nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kuandikiwa kosa la kwanza. Alikuwa Mehta. Akapewa ushindi, kisha akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo, jambo ambalo hapana aliyelirudia.

Tena kumbuka miaka ya 1984, 1985 na 1986. Wakati ule motokaa zenye nguvu katika magurudumu manne zilikuwa zimefika, Audi na Peugeot, na kila mtu alisema za magurudumu mawili zimekwisha kazi. Kwingine ni kweli zilikwisha. Lakini Safari ya miaka hiyo mitatu yote ilichukuliwa na Toyota Celica yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kama pikapu ya kubebea maziwa. Waldegård alishinda mara mbili, na Juha Kankkunen wa Ufini mara moja, nayo ilikuwa mara yake ya kwanza kuja.

Nimekaa sana katika mambo ya kale kwa makusudi, kwa sababu vijana wa kinuni hudhani Safari ya sasa ni kitu kingine. Kwa umbo ni kweli. Siku hizi makao ni Naivasha, njia zimefungwa, na mbio zenyewe ni kati ya kilomita 320 na 390 tu kwa siku tatu nne. Hakuna tena Kampala wala Dar es Salaam. Lakini nimeandika mashindano matano daftarini, tangu 2021 mpaka 2025, na mambo ni yale yale. Mwaka wa 2021 kijana Kalle Rovanperä wa Ufini alizama katika mchanga wa Kedong, ule ulio laini kama unga, akavutwa kama ng'ombe aliyeanguka shimoni. Alirudi 2022 akiwa na miaka 21, akaenda kwa akili pale mvua ilipowavuruga wenzake, akashinda. Toyota ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mwaka wa 2023 wakafanya vivyo hivyo tena, mshindi akiwa Ogier, mbele ya Rovanperä kwa sekunde 6.7. Mwaka wa 2024 Rovanperä tena. Mwaka wa 2025 Elfyn Evans wa Wales pamoja na mwelekezi wake Scott Martin, mtu wa tatu katika Toyota ile ile, na nyuma yake Ott Tänak na Neuville katika Hyundai. Mashindano matano, madereva watatu, motokaa moja.

Basi nimejifunza kuuliza maswali kwa mpangilio mwingine. Siulizi kwanza nani ana mbio. Nauliza motokaa ya nani itafika Jumapili mchana nzima. Toyota walijenga yao wakijua mawe, na tena wana wazee wa kuwakumbusha: Kankkunen yule yule wa 1985, aliyeshinda tena 1991 na 1993, mwaka wa 2024 alifanywa msaidizi wa mkuu wa kikosi chao. Mtu wa namna hiyo akisema "hapa punguza mwendo," kijana husikia.

Swali la pili ni la mwezi. Kutoka 2021 mpaka 2023 mbio zilikuwa Juni, wakati wa ukavu na vumbi, ingawa mvua iliweza kunyesha. Mwaka wa 2024 na 2025 zilihamia Machi, ambapo masika yaweza kuanza siku yoyote. Kuzunguka kile kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali, udongo ukilowa kwa robo saa, motokaa ya shilingi milioni mia huenda kama nguruwe juu ya barafu. (Mwaka wa 2024 ziliangukia Pasaka yenyewe, tarehe 28 hadi 31 Machi. Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu tuliifanya na wazee na akina mama. Nusu ya kwaya haikuonekana, na waliokuja usiku wa mkesha walikuwa na vumbi masikioni. Padri hakuwauliza kitu. Aliwaambia tu waimbe.)

Swali la tatu ni la zamu ya kuondoka. Siku ya Ijumaa anayeongoza katika pointi za mwaka huondoka wa kwanza. Msomaji anayekwenda shambani alfajiri anajua: atanguliaye njiani ndiye apanguse umande kwa miguu yake. Dereva wa kwanza hufagia kokoto na mchanga, na wanaomfuata hupita penye ardhi imara. Lakini mvua ikinyesha hukumu hugeuka, wa kwanza hupita juu ya njia nzima na wa nyuma hukuta mitaro iliyochimbwa na wenziwe. Kwa hiyo usikisie mshindi kabla hujatazama mawingu ya Ijumaa.

Haya, sasa tuwakisie watu. Mengi yamebadilika. Rovanperä, aliyeshinda Safari mara mbili na kuwa bingwa wa dunia 2022 na 2023, aliaga mbio hizi mwisho wa 2025 akaenda mbio za viwanja vya lami. Tänak naye akatangaza kupumzika mwisho wa mwaka huo huo. Ogier alichukua ubingwa wake wa tisa mwaka wa 2025, akalingana na Mfaransa mwenziwe Sébastien Loeb, lakini amekuwa akichagua mashindano ya kwenda na ya kuacha, na Kenya ya 2025 aliiacha. Alizaliwa 1983. Mtu wa umri huo akija Naivasha ni kwa sababu anaona nafasi ya kushinda, hivyo jina lake likiwamo katika orodha, usimdharau.

Evans ni mtu wa kumtegemea. Haendi kwa fujo. Mwaka wa 2025 alikosa ubingwa wa dunia kwa pointi nne tu, na ushindi wake wa Kenya aliupata kwa kungoja wenziwe wavunje vyombo vyao. Wengine kinuni husema huo si ushindi. Nawaambia Mehta alishindaje 1973?

Halafu yuko Oliver Solberg, mtoto wa Petter Solberg aliyekuwa bingwa wa dunia 2003. Julai 2025 alipewa Toyota kubwa kwa mara ya kwanza huko Estonia, akiwa wa badala tu, akashinda. Ni kijana aliyezaliwa 2001, ana mbio za kutisha. Kwa nchi nyingi ningemtaja wa kwanza. Kwa Safari ningemngoja kwanza agonge jiwe moja, arudi nyumbani, afikiri, aje mwaka wa pili, kama alivyofanya Rovanperä.

Neuville, bingwa wa dunia wa 2024, alikuja mara tano katika ile miaka mitano asishinde. Namhurumia, na mnajua sababu. Hyundai kwa jumla ilifika mwisho wa 2025 bila kushinda Safari hata mara moja.

Lakini jina ambalo nimelipigia mstari daftarini ni Takamoto Katsuta. Tazama mwenyewe: 2021 wa pili, 2022 wa tatu, 2023 wa nne, 2024 wa pili. Mpaka mwisho wa 2025 alikuwa hajashinda hata shindano moja la dunia, mahali popote. Watu humcheka kwa kubingirika, na kweli hubingirika. Hata hivyo hapana ardhi inayomfaa kama hii ya kwetu, na kama yako mahali ambapo mtu wa namna hiyo hupata yake, ni hapa.

Je, wenyeji? Mwenyeji wa mwisho kushinda Safari ikiwa ya mashindano ya dunia ni Ian Duncan, mwaka wa 1994, na mwaka huo Patrick Njiru alikuwa wa nne. Siku hizi tofauti ya vyombo ni kubwa mno. Motokaa ya daraja la kwanza haipatikani kwa fedha za mtu binafsi wa huku. Lakini 2021, wakubwa walipokuwa wakizama na kuvunjika, Onkar Rai alishika nafasi ya saba, Karan Patel ya nane, na Carl Tundo ya tisa, wote wa Kenya, na wa kumi nyuma yao alikuwa Evans yule yule. Mwaka wa mvua nyingi nawaona wenyeji wakifika nafasi ya tano. Zaidi ya hapo nitakuwa nasema kwa moyo, si kwa daftari.

Na hapo ndipo motokaa mpya zinapoingia katika mazungumzo. Kuanzia 2027 wakuu wa mashindano wameweka kanuni nyingine. Motokaa ya daraja la kwanza itajengwa juu ya kiunzi cha mabomba ya chuma, nguvu yake iwe karibu ya farasi 300, na bei yake isipite yuro 345,000, ambayo bado ni fedha ya kujenga shule, lakini ni chini sana ya bei ya zile za kabla yake. Tena si viwanda vikubwa tu watakaoruhusiwa kuzijenga, hata karakana ndogo zenye ujuzi. Zile za daraja la pili zitaendelea kushindana kando yao, na tofauti ya mbio itakuwa ndogo kuliko zamani.

Maana yake kwetu ni nini? Kila chombo kipya kina ugonjwa wake wa utotoni. Mawe ya Naivasha hayajali kanuni za nani. Mimi nakisia kwamba Safari za kwanza chini ya kanuni hizi zitaleta mavuno ya ajabu: chombo kipya kitavunjika, na mtu wa daraja la pili aliyezoea motokaa yake miaka mitatu minne atafika mahali asipotazamiwa. Lancia, iliyoshinda hapa 1988, 1989 na 1991, nayo ilitangaza kurudi mwaka wa 2026 kwa motokaa ya daraja hilo la pili, Ypsilon. Baba nilipomwambia alifikiri kidogo, akauliza, "Na Peugeot?"

Juu ya mashindano yenyewe nitasema machache, maana hapo mambo huamuliwa na fedha zaidi ya ardhi. Mpaka 2025 Kenya ilikuwa peke yake katika Afrika nzima kwenye kalenda ya dunia, na nafasi hizo zinagombewa: mwaka ule ule wa 2025 ziliingia Paraguay, Saudi Arabia na visiwa vya Canary. Uganda, Rwanda na Tanzania zina mbio zao katika mashindano ya Afrika. Mimi ningependa kuona siku moja Safari ikivuka mpaka tena kama zamani, hata kwa mkondo mmoja tu upande wa Arusha au wa Mbale. Sioni dalili. Njia za kufunga, polisi wa nchi mbili, forodha, bima: karani anajua uzito wa karatasi.

Neno kwa wazazi watakaopeleka watoto kutazama. Msisimame upande wa nje wa kona, hata kama ndipo penye kivuli. Motokaa ikishindwa kukata kona, huko ndiko huenda. Simameni juu ya kilima au nyuma ya gogo kubwa, upande wa ndani, na mkisikia firimbi ya walinzi msiulize sababu.

Yule kijana wa jirani sasa huuza mayai ya kuchemsha na chai karibu na Soysambu siku za mbio. Mwaka wa 2025 alirudi na faida akamnunulia mama yake ndama, jike. Nikamuuliza anamkisia nani kwa mwaka unaofuata. Akasema yeye anakisia watu watakuwa na njaa.

Mimi na shemeji yangu tumeandikiana katika ukurasa wa mwisho wa daftari. Yeye ameshika Neuville, mimi Katsuta, na baba akalazimisha tuandike Peugeot chini ya jina lake. Hapana fedha. Watakaoshindwa watachimba mashimo kumi ya migomba nyuma ya nyumba ya mshindi, kina cha mkono mmoja, na mbolea wabebe wao.